Mafuta Niliyompa Paka

Paka yule alikuwa wangu. Mimi ndiye niliyemwokota nyuma ya spaza, kiduka cha mtaani, mwaka 2016, mdogo wa kuenea kiganjani, nikamleta kwenye fleti ya mtaa wa Berea nilikopanga chumba na kumlaza kwenye kanga niliyotoka nayo Tanga.

Kisha mshonaji mmoja, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, akahamia chumba cha pili. Jiko lilikuwa moja. Haukupita mwezi, paka akaanza kuniacha. Jioni nikirudi kutoka kuuza vitambaa sokoni Newtown, namkuta kajikunja chini ya cherehani ya jirani. Namwita, hata sikio halisogei.

"Unampa nini?" nikamuuliza.

"Mafuta kidogo tu, dada. Ile ya kuku."

Nilitabasamu, lakini rohoni nilikuwa nawaka. Kumbe ni mafuta tu! Jumamosi mchana nikakaanga nyama ya mbuzi kwa vitunguu, saumu na chumvi, na mafuta yaliyobaki nikayamimina yote kwenye kisahani. Yalipopoa nikamwita paka kwa sauti ya juu, makusudi, jirani asikie. Akaja mbio, akalamba mpaka kisahani kikang'aa. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye mlango wa jirani.

Asubuhi yake alitapika, akaharisha, akajificha chini ya kitanda changu akitetemeka. Nilimbembeleza atoke, akakataa. Jirani ndiye aliyelala kifudifudi sakafuni akamtoa, tukampeleka kliniki ya wanyama.

Daktari aliuliza amekula nini. Nikasema kweli.

"Vitunguu na saumu ni sumu kwa paka," akasema. "Na mafuta mengi kwa mpigo yanaweza kumuumiza kongosho. Paka hayahitaji. Ukitaka kumpa, yawe ya nyama tupu, bila chumvi wala viungo, yaliyopoa, ncha ya kijiko cha chai, tena mara mojamoja. Mafuta yaliyokaangiwa tena na tena, usimpe kabisa."

Jirani aliitikia kwa kichwa. Ndivyo alivyokuwa akifanya: anachemsha kuku mtupu, anachota tone, anachanganya na chakula cha paka. Niliona aibu, ila wivu haukuondoka. Ulizidi, maana sasa hata kosa langu lilimfanya yeye aonekane mwema.

Paka alilazwa siku mbili, akapona. Siku tuliyorudi naye nilifungua kikapu koridoni, nikachuchumaa, nikamwita taratibu. Alininusa vidole, akapita, akaingia chumbani kwa jirani.

"Dada, njoo umuone anakula!" jirani akaniita, furaha imemjaa.

Nikamjibu kwamba nina nguo za kufua. Na kweli nilifua, zote, hata zilizokuwa safi.