Chuma cha Mguuni

Mume wangu alirudi kutoka Tunduru bila jiwe hata moja. Alirudi na mashine. Kiwanda alichokuwa akifanyia kazi kilikuwa kimefungwa, wafanyakazi wakapunguzwa, na wanaume wengi wa huku kwetu Mfaranyaki walikuwa wamekimbilia kwenye vito. Kule akakutana na mtu aliyekuwa na haraka ya kuondoka, naye akamwuzia mashine ya kutafutia chuma ardhini: mpini mrefu, sahani ya plastiki chini, na hedifoni za kuvaa masikioni. Hakuna aliyemwambia kwamba vito si chuma. Mashine ile ingeweza kupita juu ya jiwe la bluu lenye thamani ya nyumba nzima na isitoe hata mlio wa mbu.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka. Aliipeleka uani, akaiwasha, akawa anapita nayo taratibu kando ya mgomba. Baadaye akaja jikoni na kijiko nilichokuwa nimewagombeza watoto kwamba wamekipoteza.

"Inasikia," akaniambia.

Basi tukaanza. Kila Jumapili baada ya misa ya kwanza tulishika njia ya mashambani, yeye na mashine, mimi na jembe na chupa ya chai. Tulipenda mashamba yaliyokwisha kuvunwa, maana huko hatukumkera mtu. Nikiri kwamba ilikuwa raha. Tulikuwa watu wazima wenye watoto wanne, na hatukuwahi kutembea pamoja namna ile tangu uchumba. Siku alipoibua sarafu ya Mjerumani, yenye tundu katikati, aliisugua kwa ndimu na majivu, akaiweka dirishani, na kila mgeni alilazimika kuishika.

Lakini sarafu ilikuwa moja. Siku nyingine zote zilikuwa vizibo vya soda, makopo ya samaki, misumari na betri zilizooza. Watu tuliopishana nao walituuliza kwa kunong'ona, "Mmepata mali ya Mjerumani?" Mume wangu akawaonyesha kizibo. Hawakuamini. Waliamini tumeficha sanduku.

Mara moja aliibua kichwa cha mkuki, kimeliwa na kutu mpaka kimekuwa kama jani kavu. Nilimwambia akirudishe. Ardhi ya Songea ina watu ndani yake, tangu vita vya Majimaji, na wengi hakuna anayejua walipolala. Akakifukia bila ubishi. Siku hiyo alinivika hedifoni ili nisikie anachosikia yeye. Kulikuwa na mvumo tu, halafu sahani ilipopita juu ya chuma, ukatoka mlio kama wa mtoto anayeanza kulia, kisha akazibwa mdomo. Sikuomba tena kusikiliza.

Msimu mmoja wa mavuno tulikwenda Mpitimbi, kwa shangazi yangu. Tulikuwa kwenye shamba lake la mahindi alipotujia mama mmoja mtu mzima, jirani yake, amejifunga kitenge kifuani. Alisimama mbali kidogo, akiitazama mashine.

"Shikamoo mama," mume wangu akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Wanasema chombo hicho kinasikia chuma."

"Kinasikia, mama, kama hakiko chini sana."

"Hata kama kimo ndani ya mtu?"

Tulikaa naye chini akatueleza. Mumewe aliwahi kuanguka kutoka kwenye lori la mahindi, akavunjika paja. Hospitali ya Peramiho walimwekea chuma ndani ya mfupa, akapona, akabaki anachechemea. Miaka kadhaa baadaye, jioni moja, alivuka kijito kwenda kunywa pombe ya komoni kwa watu wa ng'ambo. Hakurudi. Walimtafuta, kisha wakachoka. Wengine walisema ameingia Msumbiji, wengine kwamba ana mwanamke Namtumbo.

"Mimi nilijua hayuko mbali," alisema. "Mguu ule haukuwa wa kumfikisha mbali."

Mume wangu aliinama, akazungusha kitufe cha mashine ambacho hakikuhitaji kuzungushwa. Kisha akasema, "Tutajaribu, mama."

Kuanzia hapo mchezo ukaisha. Tulirudi Mpitimbi Jumapili baada ya Jumapili, tukipima kando ya kijito, kwanza upande wa huku, halafu ng'ambo. Yule mama alitufuata, akakaa mahali penye kivuli na kikapu chake cha mihogo ya kuchemsha. Kila mlio ulipotoka, nilishika jembe. Nilichimba, nikapata bawaba, nikapata mpini wa sufuria, na sikujua kama nashukuru au nasikitika. Nikamwona mume wangu akigeukageuka kutazama nyuma, wakati nyuma hakukuwa na mtu. Mimi pia niligeuka. Watu wa ng'ambo, ambao mwanzoni walikuja kushangaa, wakapungua. Waliokutana nasi walisalimia huku wanatembea.

Tulimpata chini ya kichaka cha mianzi, nyuma ya gofu la nyumba iliyokuwa ya komoni. Mlio ulikuwa hafifu, lakini mrefu. Mume wangu alipitisha sahani mara nyingi, kisha akavua hedifoni na kuzishika mkononi.

"Chimba polepole," akasema.

Jembe liligonga jiwe. Nikalitoa. Chini yake kulikuwa na jiwe jingine, bapa, na jingine kando yake, yamebanana vizuri.

"Haya yamepangwa," nikanong'ona.

"Naona."

Tuliyatoa kwa mikono. Chini tukaona kipande cha nguo, na mfupa, na chuma. Vyote tulivyowahi kuibua vilitoka vimeoza. Hiki kilitoka cheupe, kinang'aa, kama kilichowekwa jana. Mume wangu alijifuta mikono kwenye suruali, akaondoka kwenda kumwita mwenyekiti wa kijiji. Mjane alikuja akapiga magoti. Alizungumza kwa Kingoni, taratibu, kama mtu anayemwamsha mwenzake asubuhi.

Mwenyekiti alifika na wazee wawili. Alitazama shimo, akatazama rundo la mawe tuliyoyatoa, akatazama kijito.

"Labda maji yalimfunika," alisema.

Mzee mmoja alivua kofia. Polisi walifika siku ya pili, wakauliza maswali, na kila mtu akasema hajui. Nikamwuliza yule mama kama hataki suala hilo liendelee, maana mawe hayajipangi.

"Sikuuliza nani, binti yangu. Niliuliza wapi."

Mumewe alizikwa karibu na nyumba yake, padri akaja, na chuma kiliwekwa pale pale kilipokuwa, pamoja na mfupa wa paja. Watu wa ng'ambo walikuja wengi, wakaimba kwa nguvu. Wakati wa kutupia udongo nilijikuta natazama mikono ya wanaume, mmoja baada ya mwingine. Mmoja wao, au wawili, walikuwa wamechagua mawe yale bapa kijitoni, wakayabeba gizani na kuyapanga ili fisi wasimfikie. Niliwaogopa, na papo hapo niliwahurumia, na mpaka leo sijui hisia ipi ilikuwa ya haki.

Habari zilisambaa. Watu wakaanza kuja nyumbani kwetu, siku za kazi na siku za sokoni. Mmoja alisema baba yake alikuwa na jino la chuma. Mwingine alitaja mkanda wenye bizimu kubwa. Walikaa barazani wakisubiri mume wangu arudi, nami niliwapa chai.

Wa mwisho ninayemkumbuka alikuwa dada wa makamo. Kaka yake alivuka Ruvuma wakati wa vita vya Msumbiji, akiwa na rozari yenye msalaba mdogo wa shaba.

"Dada yangu, haifiki huko," mume wangu alimwambia. "Inasikia chini ya miguu yako tu."

"Basi niwekee nisikilize."

Mume wangu alimtazama, kisha akaenda ndani akaileta mashine, akamvika hedifoni na kuiwasha. Dada yule alisimama katikati ya uani wetu, macho ameyafumba, sahani imelala kwenye udongo mtupu uliofagiliwa asubuhi.

"Kuna mvumo tu," alisema.

"Ndiyo. Ndivyo ulivyo."

Alisikiliza kwa muda mrefu. Kuku walipita karibu na miguu yake. Halafu akavua hedifoni, akamrudishia kwa mikono miwili, akashukuru, akachukua mwavuli wake na kuondoka.