Si Sawa, Zinafanana

Binti yetu alikufa kwa surua mwanzoni mwa masika, alipokuwa ndiyo kwanza anaanza kuunganisha maneno mawili. Tulikaa Élisabethville, katika kambi ya wafanyakazi, nyumba ya matofali yenye vyumba viwili. Nilikuwa karani mdogo kwenye ofisi ya michoro. Kazi yangu ilikuwa kunakili michoro ya wazungu juu ya kalki, ile karatasi nyembamba inayoonyesha kilicho chini yake. Jioni nilisoma jometri katika shule ya misheni, kwa sababu aliyefaulu mtihani aliweza kupewa meza yake na kuchora mwenyewe.

Kilio kilipokwisha, mama mkwe akapanda treni kurudi Kambove, majirani wakabeba viti vyao, nami nikarudi kazini. Watu walisema nina moyo mgumu. Haukuwa ugumu. Nilikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha: unauona ni wako, unaugusa, wala hausikii kitu. Nilioga, nilikula bukari, ugali wetu, nilisalimia watu. Jirani mmoja alituambia mlangoni, "Mungu atabapa mwengine, atafanana naye." Nikajibu, "Ndiyo, mama, asante," nikafunga mlango.

Mke wangu alikuwa ameacha kuniita. Kwetu mwanamke humwita mumewe kwa jina la mtoto, baba wa fulani. Sasa jina lile halikutamkika, na jingine hakuwa nalo. Akitaka nisogee kutoka kwenye jiko la mbabula aweke makaa, alinigusa bega.

Siku niliyorudi darasani, padri alichora ubaoni pembetatu yenye pembe mraba. Aliilaza juu ya upande wake mrefu, ikawa kama paa lenye mteremko mmoja mfupi na mwingine mrefu. Halafu, kutoka kwenye ile pembe mraba kileleni, akateremsha mstari ulionyooka hadi chini. Sasa tulikuwa na pembetatu tatu: kubwa, na ndogo mbili ndani yake.

"Hizi tatu zinafanana," akasema. "Nani atatuonyesha sababu?"

Mwenzangu wa benchi, mwana wa fundi cherehani Mwislamu aliyetoka Maniema, akainua mkono. "Mon père, haziko sawa. Moja iko mukubwa, hii ingine iko kadogo."

"Sikusema sawa. Nimesema zinafanana. Usitazame urefu, tazama pembe."

Nilikuwa nimekwisha kuuchora ule mchoro kwenye daftari langu, na mfukoni nilikuwa na kipande cha kalki cha ofisini. Mkono wangu ukainakili ile ndogo ya kushoto. Siku nyingine ningeogopa kusimama mbele ya watu. Siku ile hapakuwa na kitu ndani yangu cha kuogopa, nikasimama.

"Hii ndogo ina pembe mraba pale mstari unapogusa chini," nilisema. "Na kona yake ya kushoto ndiyo kona ya kushoto ya ile kubwa, zinaitumia pamoja. Pembe mbili zikilingana, ya tatu haina pa kwenda, lazima ilingane nayo. Ile ya kulia ni vilevile, kwa kona ya kulia."

"Mbona hatuoni hivyo kwa macho?" padri akauliza.

"Kwa sababu imekaa vibaya. Lazima kuigeuza."

Nikaipindua kalki, mgongo ukawa juu, nikaizungusha mpaka kona ikaingia ndani ya kona ya ile kubwa, na mistari ikafuatana. Padri alinisahihisha mpangilio wa herufi nilizozipa zile kona, nilikuwa nimeziandika ovyo. Kila kona iandikwe mkabala na mwenzake, akasema, au sivyo hesabu zote zitapotea. Benchi za nyuma zikapiga makofi. Nilijua kwamba nimeelewa, kama mtu anavyojua mvua inanyesha kwa kuisikia juu ya mabati.

Nyumbani nilimkuta mke wangu ameketi na kapu lake la vipande vya nguo. Alikuwa amejifunza kushona kwenye fwaye, shule ya akina mama ya kambini. Nikafungua daftari mezani. Akauliza, "Ni nini ile unachoraka kila siku?"

Nikamweleza. Alisikiliza bila kuinua macho, kisha akachukua kitambaa cha buluu, chenye uso na mgongo, akakata pembetatu mbili zilizo sawa, zenye pembe mraba, zote uso juu. Nikamwambia mstari unapita wapi. Akaukunja upande mrefu wa moja juu yake wenyewe mpaka mkunjo ukapita kwenye ile pembe mraba, akakata penye mkunjo. Akakiweka kipande kidogo juu ya ile pembetatu nzima, hakikukaa. Akakipindua. Kikakaa, kona ndani ya kona.

"Ah. Iko mugongo juu," akasema. "Na nikikata tena hii kadogo?"

"Utapata zingine mbili. Zitafanana na zote."

"Na tena?"

"Na tena."

"Itaisha wapi?"

"Haiishi. Mkasi ndio utashindwa."

Akakata, akakata tena, mpaka kikabaki kipande kama ukucha wa kidole kidogo. Akakiweka kiganjani.

"Banasema mwengine atafanana naye."

"Banasema."

"Lakini hatakuwa yeye, baba."

"Hapana. Hatakuwa yeye."

Alikuwa ameniita baba tu, bila jina. Kisha akalia, kwa sauti ambayo sikuisikia hata makaburini. Niliweka mkono mgongoni mwake, nikangoja yangu nayo ije. Haikuja. Alipotulia niliokota vipande sakafuni, kwa kuwa vilikuwa vimeenea kote.

Mtihani ulifanyika mvua zilipokatika. Nilifaulu, na yule mwenzangu wa benchi pia. Nikamkaribisha kwetu, na mke wangu akapika samaki wa Luapula. Nikatia tonge mdomoni.

"Chumvi imezidi," nikasema.

Akaweka chini upawa. "Kesho utapika weye."

"Nimesema chumvi tu."

"Na miye nimesema utapika."

"Siwezi kusema neno kwangu?"

"Sema! Ulinyamaza miezi yote, leo unasema juu ya samaki?"

Sauti zetu zikapanda, jirani akagonga ukuta. Mgeni alikuwa ameinamia sahani yake. Akaomba maji, akanywa kikombe chote, akasema polepole, "Lakini kweli, shemeji, imezidi."

Mke wangu alimtazama, akanitazama mimi, akachukua sufuria kwenda kuongeza maji. Masikio yangu yalikuwa ya moto. Nilikuwa na hasira kwelikweli, na njaa.