Gita ya Baba, Jina la Jose

Sisi tuliolelewa Lindi, Kibera, miaka ya tisini, saa tulizijulia kwa redio ya jirani. Tulikuwa tukiruka blada, ile kamba ya mpira, magoti yamejaa vumbi, harufu ya omena ikitoka kila mlango, na bendi zikiimba. Zote zilijiita jazz, sijui nani aliwadanganya. Baba yangu, Shem, alizipigia karibu zote gita, lakini hakuwahi kuwa na bendi yake. Mpiga gita wa watu akiugua, ndipo baba aliitwa.

Mara moja aliitwa Kawangware kwa mwimbaji mmoja aliyekuwa akivuma, maana mpiga gita wake, Jose, alishikwa na malaria. Wakaenda kurekodi. Mnakumbuka desturi yetu: gita ikianza kupanda, mwimbaji anataja jina la anayepiga, nchi nzima imjue. Basi mimi nikatangaza darasani kwamba baba atatajwa redioni.

Jumamosi mchana majirani wa ploti nzima walijazana mlangoni kwetu, redio ya jirani tukiwa tumeiazima. Wimbo ukaanza. Gita ikapanda, tamu ajabu, na mwimbaji akapaza sauti: "Jose! Piga, Jose!"

Rafiki yangu Akinyi akanigeukia. "Kwani buda yako anaitwa Jose?"

Nilitamani ardhi inimeze. Watu walipotawanyika, baba alieleza kwamba mwimbaji alizoea kumwita Jose, jina likamtoka tu. Bendi nzima ilirekodi kwa mpigo mmoja siku hizo, kurekebisha jina ni kurudia wimbo wote, na muda wa studio ulikuwa umeisha.

"Na wewe ukanyamaza?" mama akauliza, sufuria mkononi.

"Gita si mmeisikia?" akajibu, akaendelea kula.

Mpaka leo sielewi. Alikuwa mnyenyekevu, ama alikuwa amekata tamaa? Nilimkasirikia miaka mingi, na sasa hayupo nimuulize. Vijana wa leo wakichemsha chai tu lazima wajipige picha na kuandika jina. Nawacheka, halafu nawaonea wivu.

Juzi nilimwekea mwanangu ule wimbo kwenye simu, nikamwambia anayepiga ni babu yake. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Lakini mathe, si wamesema ni Jose?"

Nikaurudia peke yangu mara tatu, nikivitafuta vidole vya baba. Mara ya tatu nilishindwa kuapa kuwa ni yeye.