Madume wa Mama Kware

Mtaani walimwita Mama Kware, naye hakuona tusi. Watu walidhani kazi yake ni kumwaga pumba na kuokota mayai. Kazi hasa, kama ungemuuliza, ilikuwa kuchagua madume. Kila kizazi kilipofika wiki ya tano alimshika ndege mmoja mmoja na kumgeuza kwenye mwanga wa dirisha. Kifua cha kahawia kisicho na madoa, dume. Chenye madoadoa, jike. Majike aliwabakiza wote. Madume alibakiza kumi tu, wale wa miguu iliyonyooka ambao hawakuugua wenzao walipougua, na kila mmoja akapewa majike watatu. Waliosalia walikwenda kwa mpishi wa hoteli. Kwa miaka tisa ndivyo alivyoijenga mbegu yake, mpaka vifaranga vyake vikawa havifi ovyo kama vya wengine.

Safari hii siku ya kuchagua ilimkuta kitandani. Jicho la kushoto lilikufa zamani. La kulia lilikuwa limepasuliwa juzi, limefungwa bandeji. Kundi la wazazi lilikuwa limeshauzwa, vijana walikuwa sitini, na madume walishaanza kudonoana. Ikabidi amtegemee mumewe.

Mumewe alikuwa dereva mstaafu, mtu mwema hasa, mfugaji wa kuku tangu utotoni. Alielezwa habari ya vifua mara tatu, akaitikia mara tatu. Lakini kizimbani akaona wale wa kahawia ni vijitu vidogo, na wa madoadoa ndio wenye miili. Jogoo gani azidiwe mwili na tetea? Akajiambia dawa za hospitali zimemchanganya mkewe. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zake mwenyewe zilikuwa zimebaki chache. Akawateua wakubwa kumi kuwa madume, wakubwa ishirini akampelekea mpishi, na kila dume wake akampa wadogo watatu wa kahawia. Akarudi kumwambia mkewe atulie, kazi imekwisha.

Siku ya kwanza Mama Kware aliwasikia wakiwika, akafurahi. Siku ya nne aliwahesabu kwa masikio, akafika ishirini na bado, badala ya kumi. Akamwomba mumewe amletee dume mmoja mkononi.

Mumewe akasitasita. Hakutaka kumwongezea mgonjwa mawazo, alisema, ila madume wa safari hii hawana afya. Tisa ameshawafukia nyuma ya nyumba. Amebaki huyu.

Mama Kware akampokea. Mgongo haukuwa na unyoya hata mmoja, na kichwa kilikuwa kimedonolewa mpaka mfupa. Vidole vyake havikuhitaji jicho. Alikuwa jike, aliyefungiwa siku nne na madume watatu.

“Baba watoto, waliokwenda kwa mpishi walikuwa na vifua gani?”

“Vya madoadoa,” alisema mumewe. “Wanono kwelikweli.”

Hakumgombeza. Hasira ilikuja, ikakuta mtu asiyeweza hata kuinuka, ikapita. Uani walikuwepo madume thelathini wazima, wenye damu yake yote ya miaka tisa, na hapakuwa na jike wa kuwazalia ila huyu mmoja wa mkononi. Akamfunika yule ndege kwa viganja viwili asipate baridi.

“Nielekeze,” alisema mumewe, maana alikuwa ameanza kuelewa. “Safari hii nitafuata neno kwa neno.”

Mama Kware akapapasa kifua cha yule ndege, akitafuta mapigo ya moyo. Mikononi mwake yule jike akatikisika mara moja, akalegea.