Hadithi za Urefu wa Mabeseni Matatu

Nilirudi Kasongo kwa pikipiki kupitia Kabambare, sanduku la bati la vitabu vya watoto limefungwa nyuma yangu kwa mpira, na diploma yangu ndani ya shati. Diploma hiyo hakuna aliyeninunulia. Niliisomea Bukavu, asubuhi darasani, mchana nikiuza mawese kwa chupa, na sioni haya kulisema.

Parokia iliniazima chumba kando ya kanisa kwa Jumamosi nne, nisomeshe watoto wadogo. Sharti lilitoka kwa rais wa kamati ya parokia, mkurugenzi mstaafu wa shule ya msingi: Jumamosi ya nne akikuta watoto wametulia wanasoma, chumba ni changu. La sivyo kinarudi kwa kwaya, ambayo tayari ina kanisa zima la kuimbia, na vitabu vyangu vinarudi sandukuni.

Mbinu ya mkurugenzi huyo naijua, maana ndiyo iliyonilea. Anagonga ubao kwa fimbo, watoto wanapaza sauti "ba, be, bi", na kelele hiyo anaiita kusoma. Siku moja niliwaandikia wanafunzi wake neno "baba" kwenye mchanga. Waliliangalia kama nyayo za mnyama wasiyemjua.

Mimi nilipanga kwa akili. Jumamosi watoto wa mtaa wetu hutumwa kusagisha mihogo, na mashine iko nyuma ya kanisa. Beseni linashika zamu kwenye mstari, mtoto anazurura. Mstari ukisogea naye hayupo, beseni lake linarukwa. Mtoto wa namna hiyo humpi somo la saa nzima. Kwa hiyo nilichagua hadithi zinazokwisha kabla mihogo ya mabeseni matatu haijasagwa. Vitabu nilivining'iniza kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, chini kabisa, mkono wa mtoto wa miaka mitano ufike. Anayeondoka katikati anaacha kipande cha kitenge kwenye ukurasa wake, akirudi anaendelea, nami namsomea kwa sauti huku akifuata herufi kwa kidole. Kuita majina hakuna, na kuchelewa hakuna.

Jumamosi ya pili rais alisimama mlangoni.

"Mwalimu, batoto bako banaingia na kutoka kama mbuzi mu shamba ya mutu."

"Mbuzi, Papa, harudi kutafuta ukurasa alioacha."

Akaanza kuhesabu vichwa kwa kidole, wawili wakatoka, akaanza upya. Watu wa aina yake, usipowapa daftari la mahudhurio, hawajui pa kuanzia.

Jumamosi ya nne alikuja na wanakamati wawili. Chumba kilijaa watoto, lakini kila mmoja na kitabu chake, hakuna kuitikia kwa pamoja, na hilo lilimkera. Akafunga mlango, akatia ufunguo mfukoni.

"Sasa ndiyo darasa. Wote pamoja, kwa sauti!"

Msichana wa miaka kama saba, mdogo wake mgongoni, aliacha kitabu akaanza kugonga mlango.

"Papa, beseni yangu! Batairuka!"

Wengine wakaangua kilio. Mama wa msichana akafika dirishani, unga mpaka kwenye nyusi.

"Papa Prezida, unafungia batoto, nani atachunga mihogo yangu? Kwaya ndiyo itakuja kunisagia?"

Wanawake wa mstarini walicheka bila kumwonea rais huruma. Mlango ukafunguliwa, watoto wakatoka mbio, vitabu vikabaki vinayumba kwenye kamba.

"Mumeona?" rais akawaambia wenzake. "Hata mumoja hakubaki."

Siku hiyohiyo chumba kikapewa kwaya. Aliyefunga mlango ni yeye, aliyelaumiwa ni mimi.

Sikubembeleza mtu. Jumamosi iliyofuata nilifunga kamba yangu chini ya paa la mashine, mbele ya mstari wa mabeseni. Ila mashine ile inanguruma hata ukimpigia jirani kelele hasikii. Nani angesikia hadithi yangu? Nilidhani sasa darasa limekufa kweli. Ndipo yule msichana alipochukua kitabu akasimama kando ya beseni lake, midomo imefumbwa, macho yanatembea. Akafunua ukurasa, akacheka. Hapakuwa na wa kumtangulia wala wa kumwitikia. Herufi peke yake ndizo zilizomchekesha.

Rais alipita na kufungua kinywa kusema neno, mashine ikalimeza. Nikamwonyesha msichana kwa kidole. Mstari ukasogea. Msichana akasukuma beseni kwa mguu, hakuinua macho, akaendelea kusoma.