Kanisa Lilipomchukua Mume Wangu

Mwanangu, ipo siku ambayo hunijia hata nikiwa nasonga ugali: siku mume wangu alipoingia kanisani kwetu Musoma na fimbo ya kuchungia ng'ombe mkononi, amekuja kunitoa.

Ilikuwa miaka ile ya shida. Wewe hukuiona. Sabuni haikupatikana, tukawa tunafulia majani ya mpapai. Gauni la kwendea ibada nilikuwa nalo moja, na hilo nililivaa kwa zamu na jirani yangu. Yeye asubuhi, mimi mchana. Divai ya meza ya Bwana haikuwapo, unga wa ngano haukuwapo. Wazee wa kanisa wakakaa, wakabishana sana, mwisho wakakubaliana kwamba mkate wa muhogo na maji mekundu ya maua ya rozela yangetosha, maana Bwana mwenyewe alikuwa anaona maduka ya Musoma yalivyo.

Mume wangu, Majura, alikuwa dereva wa lori la pamba. Aliichukua pamba vijijini na kuipeleka kiwandani Bunda, na watu walimheshimu kwa sababu lori likitembea, linarudi na vitu. Hakuwa mlevi, wala hakuwahi kunipiga. Alikuwa na wivu tu. Na wivu wake hakumwonea mwanaume yeyote. Alilionea kanisa.

"Wenzangu wake zao wanachukuliwagwa na wanaume," alikuwa akiniambia. "Wangu kachukuliwa na kwaya."

Imani yetu nayo ilimuudhi. Sisi hatubatizi mtoto mchanga. Tunangoja mtu akue, aelewe, aseme kwa mdomo wake mwenyewe kwamba anaamini, ndipo azamishwe ziwani. Hatuli kiapo. Hatulipi kisasi. Sasa fikiria jambo hilo hapa Mara, mwanangu. Ng'ombe wameibwa, yowe limepigwa, na waumini wetu wanakimbia na wenzao kufuata nyayo, lakini hawana mkuki wala upinde. Majura alicheka hadi akakohoa. Aliliita kanisa la waoga.

Kitu kingine tunachofanya mpaka leo ni kuoshana miguu kabla ya kula mkate. Wanawake upande mmoja, wanaume upande mwingine, na mabeseni ya maji katikati. Ukiwa na neno na mwenzako, unalimaliza pale chini, ukiwa umeshika mguu wake. Usipolimaliza, mkate huuli.

Siku hiyo nilikuwa nimepiga magoti namwosha mama mmoja muuza dagaa. Nikasikia watu wamenyamaza. Nikageuka, nikamwona Majura mlangoni, matope hadi kwenye vifundo, fimbo begani. Nilitamani sakafu inimeze.

Aliyeinuka kumpokea alikuwa Mzee Chirangi, mzee wa kanisa, aliyekuwa rika moja na marehemu baba yake Majura.

"Majura, mwanangu, karibu. Kaa hapo kwenye benchi."

"Nimekuja kumchukua mke wangu, mzee."

"Utamchukua. Kwanza tuyatoe hayo matope."

Mzee akavuta beseni na kupiga magoti. Kwetu, mzee akikupigia magoti wewe kijana, unaogopa. Unaweza kudhani anakulaani. Majura akavuta mguu. "Mzee, usifanye hivyo! Baba angeniua."

"Baba yako nilimjua vizuri. Tulia."

Akatulia. Mzee akamwosha mguu mmoja, akamwosha wa pili, polepole, mpaka katikati ya vidole, akamfuta kwa kitambaa chake. Hakumhubiria hata neno moja. Alipomaliza Majura akasimama, akashika viatu mkononi, akaondoka peku kwenda nyumbani. Alisahau kunichukua.

Wiki iliyofuata alisimamisha lori nje ya kanisa, akakaa humo ndani ya lori akisikiliza. Baadaye akahamia benchi la nyuma. Mimi kila nilipoinuka kitandani na kila nilipolala niliomba ombi moja tu: Bwana, mchukue mtu huyu awe wako kabisa. Niliomba hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo, na Bwana akasikia. Majura akabatizwa ziwani, mbele ya macho yangu, na alipotoka kwenye maji akipenga na kucheka nilisema sasa nyumba yangu imepona.

Mwanangu, sikujua nilichokuwa nimeomba.

Miaka ikageuka. Serikali ikalegeza, maduka yakajaa tena, mitumba ikaingia, mabasi ya watu binafsi yakaanza kushindania abiria. Kanisa letu nalo likapata nguvu. Vipaza sauti vikaja, kinanda kikaja, wageni wakaja kutoka Kongo, Amerika, hata Uhindi, watu wa imani yetu ile ile, nao wanaoshana miguu kwao kama sisi. Nilishangaa sana. Nilidhani kanisa letu ni la Musoma na vijiji vyake. Kumbe lilikuwa linakua duniani kote, na sisi tulikuwa chumba kimoja tu cha nyumba kubwa.

Na kanisa likagundua sauti ya Majura. Alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kushindana na injini. Wakamfanya mwinjilisti. Akaacha lori. Leo yuko Kiabakari, kesho Mugeta, kesho kutwa amepita Butiama kufungua kakikundi kapya chini ya turubai. Watu wakamzoea, wakamwita baba. Mimi nikabaki na watoto, na muhogo wa kuanika, na samaki wa kukaanga kwa ajili ya mtu ambaye hakuja kula.

Wivu uliniingia hivyo, kidogo kidogo. Nilianza kunusa shati lake akirudi. Likinukia sabuni ambayo si yangu, sikulala. Niliwaonea wivu waliompikia Mugeta. Niliwaonea wivu wagonjwa aliowaombea, kwa sababu aliwashika kichwa, na mimi kichwa kiliniuma na hakuniuliza. Lakini zaidi ya wote nilimwonea wivu Dorika.

Dorika alikuwa mjane wa Kiabakari, msomi kidogo, anajua Kiingereza. Wageni wakija, yeye ndiye alikuwa akitafsiri. Majura akihubiri sentensi, Dorika anaipokea na kuigeuza, wamesimama bega kwa bega, mmoja akivuta pumzi mwingine ndipo anapoanzia. Mimi nimeishi na mtu huyo, nimemzalia, na sijawahi kumaliza sentensi yake hata moja. Sikuwa na ushahidi wa jambo lolote baya, na nikuambie ukweli, baya halikuwapo. Ila mwenye wivu hangoji ushahidi.

Kisha habari ikaja kwamba kuna mkutano wa kanisa letu wa dunia nzima, huko Uhindi, na Musoma imepewa nafasi. Wazee wakamchagua Majura. Wakamchagua na Dorika, wa kumtafsiria.

Jumapili ya kuwaaga kulikuwa na meza ya Bwana. Nimekaa upande wa wanawake, nimefumba macho, nasikia beseni linawekwa mbele yangu. Nafumbua macho, ni Dorika. Amepiga magoti, kitambaa kiunoni.

"Mama, nipe mguu wako," akasema.

Nikauvuta mguu chini ya kanga. "Muoshe unayesafiri naye," nikamwambia, na sikusema kwa kunong'ona.

Kanisa zima lilisikia. Majura alisikia. Nikachukua kiatu changu, nikatoka, na sikusimama nyumbani; nikapanda gari la kwenda Majita, kijijini kwa mama mkwe wangu.

Mama mkwe hakuwa wa kanisa letu, wala lingine lolote. Alikuwa mama wa ziwani, anavuta tumbaku, anazungumza kama anavyotaka. Nilimkuta uani anapasua sato wa kukausha. Nikamwaga yote: Kiabakari, Mugeta, sabuni, Uhindi, Dorika. Nilitegemea anionee huruma. Aliendelea kupasua samaki mpaka nikamaliza, kisha akacheka.

"Mkamwana," akasema, "hivi wewe ulikuwa unamwombaga nini Mungu wako?"

"Amchukue Majura."

"Kamchukua. Sasa unamgombeza Mungu au unamgombeza yule mjane?"

Akaweka kisu chini.

"Nikuambie kitu. Mimi nilikuwa na mtoto mmoja wa kiume. Alikuwa akirudi kutoka ziwani ananiletea mimi samaki, mimi wa kwanza. Ukaja wewe na miguu yako myembamba, samaki wakaenda kwako. Nikakuonea wivu, sikufichi, mlipokuwa mnakaa hapa nilikuwa nikikusikia unacheka nyumba ya pili natamani kukutupia mchi. Halafu likaja kanisa lako, na wewe ndiye ulilifungulia mlango, likachukua hata kile kidogo nilichobakiziwa. Katika kuibiwa, mimi nimekutangulia. Nilikufukuza?"

"Hapana, mama."

"Sikukufukuza. Unajua nilifanya nini? Nilimwita Majura nikamwambia, mwanangu, nakukosa, uwe unakuja kuniona siku ya gulio. Basi. Na anakujaga mpaka leo, hajakosa. Wewe umeshamwambia kwamba unamkosa?"

Nikafikiri. Nilikuwa nimemnunia. Nilikuwa nimemkabidhi sahani kwa kuitupa, nikamjibu kwa mkato mbele ya watoto, nikanusa mashati. Kumwambia sikuwahi.

"Wivu wako una haki yake," mama mkwe akasema. "Mke ana haki ya kumtaka mumewe. Lakini umeupeleka kwa mtu asiyehusika. Rudi mjini. Anza na yule mwanamke uliyemwaibisha, ndipo uende kwa mwenye deni lako. Na uwe na maneno, si midomo iliyovimba."

Nilirudi. Nilimkuta Dorika kwa dada yake mjini, anafungasha. Aliponiona alirudi nyuma hatua, nadhani alidhani nimekuja kupigana. Nikaomba beseni. Nikamwosha miguu pale pale uani, kuku wakipita, bila pambio wala mchungaji. Nikamwambia nilichokuwa nikikiwaza juu yake, chote, bila kukipunguza. Alilia.

"Mama," akaniambia, "mimi ndiye nilikuwa nakuonea wivu wewe. Kila tukimaliza mkutano Majura anasema, nataka kuwahi nyumbani. Wazee wanamwongezea siku, anakaa. Lakini anasemaga. Mimi nikimaliza mkutano sina wa kumwambia hivyo. Hata mtu wa kunikasirikia kwa kuchelewa sina."

Mwanangu, nilikaa pale na mguu wa mwanamke yule mkononi, nikashindwa hata kuufuta.

Jioni ile Majura alikuwa nyumbani, amekaa na watoto, anasubiri vita. Nikakaa karibu naye. Nikasema, "Baba Masatu, nalionea wivu kanisa. Nakutaka nyumbani. Sitaki uache kazi ya Bwana, nataka nami nipate changu."

"Mimi nilidhani umenichoka," akasema. "Nilikuwa nikirudi unanipa mgongo, nikasema afadhali Mugeta, kule wananifurahia."

Unaona? Kila mmoja alikuwa upande wake anangoja kuitwa.

Kesho yake alikwenda kwa Mzee Chirangi, ambaye sasa alikuwa ameinama kwa uzee. Akamweleza. Mzee akawaita wenzake na kuwaambia mbele yangu kwamba kanisa likikua hadi Uhindi huku nyumba ya mwinjilisti inapoa, litakuwa limekua upande mmoja kama mtu mwenye matende. Wakapanga ziara zake upya. Baadhi ya vikundi vilinung'unika kwamba wamenyimwa mtumishi wao. Nao sasa walikuwa na wivu na mimi, na nikiri, nilifurahi kidogo.

Safari ya Uhindi alikwenda. Siku ya kurudi, kwaya nzima ilikwenda stendi na ngoma, watoto wa shule ya Jumapili na matawi. Basi la kutoka Sirari, mpakani, likafika, Dorika akashuka akapokewa kwa vigelegele. Mimi sikwenda. Nilikuwa nyumbani nakaanga sato, nasikia ngoma kwa mbali, najisemea nitampata wakishamaliza naye.

Mlango ukafunguka. Ni Majura, vumbi tupu, begi begani. Alikuwa amemwomba dereva amshushe kabla ya stendi, akapita kichochoroni.

"Wanakungoja," nikasema.

"Wangoje. Nina njaa."

Akala. Akiwa anakula akanisimulia: ukumbi usioona mwisho wake, watu wa kila rangi, wimbo mmoja unaimbwa kila mtu kwa lugha yake na haugongani. Aliwekwa kuoshana miguu na mzee mmoja wa Kihindi ambaye hawakuelewana naye hata neno. "Alinishika mguu kama Mzee Chirangi," akasema, "nikadhani niko Musoma." Nilisikiliza kwa uchungu, kwa maana nilitamani kuwa mimi niliyeona. Mpaka leo natamani. Lakini habari ile niliisikia mimi kwanza, ikiwa ya moto, kabla kanisa halijaisikia.

Alipomaliza samaki nikachukua maji, nikamnawisha mikono, nikampa shati safi lililofuliwa kwa sabuni yangu. Ngoma zilikuwa bado zinalia.

"Sasa nenda," nikamwambia. "Watu wako wanakungoja." Na nilisema hivyo kwa moyo wangu wote, kwa mara ya kwanza.

Basi, mwanangu, neno langu ni hili. Ukimwombea mtu kwa Mungu, ujue Mungu akimpokea anamtumia, na wewe utabaki na pengo. Pengo hilo usilifanye ugomvi na mtu anayepita karibu nalo. Nenda kwa unayempenda, umwambie kwa maneno kwamba unamkosa, kabla uso wako haujamwambia kwamba humtaki. Na wewe unayeitwa na wengi, iwe kwa injili, iwe kwa kazi, uwe na mlango mmoja unaouingia kwanza.

Mungu akupe mtu wa kukungoja, akupe na akili ya kumwahi. Wivu ukikuingia, akupe ulimi wa kuusema taratibu. Meza yako isikose samaki, wala mtu wa kula pamoja nawe. Nenda kwa amani, mwanangu, na baraka za bibi huyu ziende nawe.