Mapinduzi Niliyoyaleta Shambani kwa Bibi

Nakumbuka siku moja ya mvua pale Kasesya, mpakani, dereva wa lori kutoka Zambia aliponiachia kitabu alichokwisha kukisoma. Ilikuwa riwaya ya kihistoria, imetafsiriwa kwa Kiswahili, juu ya wakulima wa nchi ya mbali waliowapindua mabwana wao. Nyuma ya jalada waliandika kwamba inapendwa ng'ambo, nchi nyingi tu. Hilo ndilo lililonilevya. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nikajiuliza, kama dunia nzima inaishangilia, mimi mtoto wa Ufipa nangoja nini?

Unacheka, mwanangu. Subiri kwanza.

Aliyenilea ni bibi yangu mzaa baba, mjane mwenye shamba moja. Unajua desturi yetu: mvua zikikaribia kwisha tunafukia majani mabichi chini ya udongo, katika vilima tunavyoviita ntumba, yaoze yalishe mazao ya msimu ujao. Ardhi ikishakauka, jembe halipiti. Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Unapika pombe ya ulezi, majirani wanatuma vijana wao, wanalima, ndipo wanakunywa. Basi Bibi akapika, akamaliza ulezi wote wa ghalani.

Vijana walipofika na majembe, nikapanda juu ya kilima kimoja nikawahutubia.

"Ndugu zangu, mpaka lini tutamlimia mwenye shamba kwa kata ya pombe? Wenzetu ng'ambo waliamka!"

Ee, nilihutubia! Walipiga makofi, wakainywa pombe yote, wakaenda zao. Bwanyenye niliyempindua alikuwa ajuza mwenye jembe moja. Alisimama mlangoni na kata yake mkononi.

Ulezi wa kupikia pombe nyingine haukuwepo, na ardhi haikumngoja mtu. Msimu uliofuata mahindi yake yalitoka membamba, ya njano, tukaishi kwa unga wa kupewa na shangazi yangu wa Matai. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na mjukuu mwenyewe nilikuwa mimi. Niliona aibu hata kunyoosha mkono kwenye sahani ya ugali.

Mchana mmoja tukipukuchua hayo mahindi machache, Bibi akaniambia, "Hebu nisomee hicho kitabu chako."

Nilidhani anataka kukichoma. Nikamsomea siku tatu, na amini usiamini, alikipenda! Shujaa alipouawa, alijifuta machozi kwa kanga.

"Sasa naelewa kwa nini wanakipenda huko mbali," akasema. "Ni kweli, mtu haonewi milele." Kisha akanitazama kwa udadisi mtupu, bila kejeli. "Ila mjukuu wangu, mwaka ule wa vita, nani aliwalimia hao wakulima?"

Nikapekua kurasa, mbele na nyuma. Hilo halikuandikwa.

"Huko ng'ambo hilo haliwasumbui, wanasoma wameshiba," akasema. "Wewe ungeniuliza mimi kwanza."

Hakunigombeza zaidi ya hapo, na mpaka leo maneno hayo yananiuma. Mvua zilipokaribia kwisha tena nilizunguka nyumba kwa nyumba, shikamoo huku na huku, nikiomba radhi. Walikuja wachache. Wengine walinitania, "Mwanamapinduzi, leo unalima?" Nililima mpaka viganja vikatoka malengelenge.

Bado najiuliza kwa nini mapinduzi ya watu wengine ni matamu hivi kwa msomaji aliye mbali. Nimewauliza hata walimu, kila mmoja ana jibu lake.

Basi mwanangu, visome vitabu hivyo, vya hapa na vya ng'ambo, na ukiuona uonevu usiunyamazie. Lakini usiache mbachao kwa msala upitao. Kabla hujampindua mtu, mtazame vizuri: huyo unayedhani amekukalia, huenda ndiye aliyekubeba mgongoni. Na kitabu kikikuwasha moto, kiulize njaa ya mwakani itamwangukia nani, kisha nenda ukamuulize huyo mtu mwenyewe.

Mungu akupe moyo usioogopa na sikio linaloinama, na wale waliokulea wazeeke wameshiba mikononi mwako.